Kusoma MPH mtandaoni ukiwa Kasulu: hesabu saa kabla ya ada

Swali: Shikamoo Dokta. Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza, GPA 3.6. Niko Kasulu mkoani Kigoma, na kwa miaka kadhaa sasa nasaidia uratibu wa chanjo kwenye halmashauri. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Nataka kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii (MPH), lakini siwezi kuacha kazi na familia nikahamie Dar. Naona matangazo ya vyuo vya nje vinavyofundisha kwa mtandao watu walio kazini. Je, shahada hizo zinatambulika hapa kwetu? Nichague chuo gani? Kwa mtandao wetu huu nitaweza? Na je, nimwambie mwajiri au nisome kimyakimya?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi, na hongera ya mtoto. Maswali yako yote nitayajibu, ila nianze na moja ambalo hukuliuliza, maana ndilo ninaloona likiwakwamisha watu kuliko ada na kuliko mtandao: kwa wiki una saa ngapi za kusoma?

Shahada ya uzamili ya Uingereza ina krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Humo mna kusikiliza mihadhara, kusoma makala, kuandika, kujiandaa kwa mtihani na tasnifu yenyewe. Jumla ni saa 1,800. Ukizitandaza kwa miaka miwili bila kupumzika hata wiki moja, unapata saa 17 na ushee kila wiki. Kwa miaka mitatu ni karibu saa 12. Kwa miaka mitano ni kama 7. Wamarekani wana kipimo chao kingine: shule iliyo na ithibati ya CEPH, chombo kinachokagua shule za afya ya jamii, inatakiwa MPH yake isipungue krediti 42. Usione 42 ukadhani ni robo ya kazi ya Uingereza. Krediti hizo hazilingani, na mzigo nao si mwepesi.

Sasa chukua karatasi uandike wiki yako ilivyo, si unavyotamani iwe. Wiki ya kwanza ya mwezi unahangaika na taarifa za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Zahanati hii imeleta, ile ya mbali mhudumu wake hapatikani kwenye simu. Mara jokofu la chanjo limegoma na inabidi chupa zihamishwe kabla joto halijapanda. Kuna siku za huduma ya mkoba, ya kuwafuata watu vijijini, unaondoka alfajiri na kurudi usiku na vumbi kichwani. Na kuna yale yasiyokuwa kwenye ratiba kabisa. Mwaka 2023 polio ilipogundulika Rukwa, kampeni ya matone ilifika hadi mkoa wenu, na sidhani kama kuna mtu wa chanjo aliyesoma ukurasa hata mmoja wa kitu kingine wiki hizo. Ukishatoa hayo yote, toa na mtoto. Kinachobaki ndicho ulicho nacho.

Wengi huniambia watasoma jioni. Jioni ya mama anayenyonyesha si yake. Wanafunzi wenye familia ambao nimewaona wakimaliza ni wale waliokamata alfajiri, saa 10 hadi saa 12, siku tano, halafu wakapata asubuhi moja ya mwisho wa wiki ambayo mume, dada au mama mkwe anajua kuwa ni ya shule. Hiyo inakupa saa 13 hivi, na inatosha kumaliza kwa miaka mitatu kama hakuna kampeni, mafua wala msiba. Kwa hiyo panga miaka minne. Matangazo hupenda kusema miaka miwili kwa sababu miwili inauzika. Kwa mtu aliye katika hali yako, mimi siishauri hata kidogo.

Hapo ndipo kigezo cha kwanza cha kuchagua chuo kinapopatikana: kinaruhusu nini mambo yakiharibika? Je, unaweza kusimamisha masomo muhula mmoja bila kupoteza ulichokwisha kufaulu? Je, unalipia moduli moja moja au mwaka mzima kwa mkupuo? London School of Hygiene & Tropical Medicine, ambayo ni shule ya tangu 1899, inafundisha afya ya jamii na epidemiolojia (elimu ya namna magonjwa yanavyoenea) kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London, na mwanafunzi ana hadi miaka mitano. Manchester, Liverpool na Edinburgh nao wana uzamili wa afya ya jamii wa mtandaoni. Karibu zaidi na sisi kuna Chuo Kikuu cha Western Cape, Cape Town, ambacho shule yake ya afya ya jamii ilianzishwa 1993 chini ya David Sanders, daktari aliyepigania afya ya msingi maisha yake yote; MPH yao ya masafa wamekuwa wakiitoa kwa miaka mingi kwa watumishi wa wilayani wa Afrika. Kwa kazi yako, hicho cha mwisho mimi ningekitazama kwa jicho la pekee, kwa sababu mifano yao mingi ni ya zahanati na wilaya, na ada yao kwa kawaida iko chini ya ya Uingereza.

Hapa nyumbani vyuo vizuri vya MPH vipo, MUHAS ya Upanga, Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, KCMC Moshi, na MUHAS wana hata mkondo wa watu walio kazini. Lakini mkondo wa watu walio kazini wa Upanga unamfaa aliye kazini Dar. Kwako wewe wa Kasulu hauna faida. Hata hivyo waandikie uulize utaratibu wa mwaka huu, kwani mitaala inabadilika na vyuo vyetu vinaongeza mtandao kila mwaka.

Kuhusu kutambulika. Shahada ya nje haikataliwi kwa sababu tu ilisomwa mtandaoni, na wala haikubaliwi kwa sababu tu imetoka Uingereza. Chombo chenye kauli ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ukimaliza utapeleka cheti na matokeo yako wakitambue na kukilinganisha na tuzo za hapa, na jambo kubwa wanaloangalia ni kama chuo na programu yake vina ithibati huko kwao. Kwa hiyo fanya kazi hiyo mapema. Waandikie TCU kabla hujalipa hata senti, utaje chuo, jina kamili la programu na kwamba inafundishwa kwa mtandao, halafu uhifadhi majibu yao. Afrika Kusini, sifa iliyosajiliwa utaikuta kwa SAQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma ya huko. Marekani, zaidi ya ithibati ya chuo, angalia kama programu yenyewe ya afya ya jamii iko chini ya CEPH. Chuo hukaguliwa kama samaki mgebuka wa soko la Kibirizi: unafunua matamvua kwanza, bei baadaye. Na ukiona wakala anakuhakikishia nafasi kabla hajaona matokeo yako, au chuo kinachotoa shahada kwa kuhesabu "uzoefu wa maisha", funga ukurasa.

Niseme na hili kwa ajili ya wenzako watakaosoma jibu hili wakiwa na stashahada. Afisa tabibu au muuguzi wa ngazi ya stashahada, hata awe na miaka 20 kazini, kwa kawaida anahitaji shahada ya kwanza kabla ya uzamili. Vyuo vichache vya nje hupokea kwa uzoefu, lakini njia hiyo inaweza kukuletea maswali magumu mbele ya TCU na mbele ya mwajiri. Wewe una shahada, hilo limepita.

Sasa ushauri wangu ambao huenda usiupende. Usijisajili kwa shahada ya uzamili. Jisajili kwa cheti cha uzamili. Kwa Uingereza cheti ni krediti 60, stashahada ya uzamili 120, na shahada kamili 180, na vyuo vingi vinakuruhusu kupanda kutoka ngazi moja kwenda nyingine ukiwa umebeba krediti zako. Krediti 60 ni saa 600, mwaka mmoja wa zile alfajiri zako. Mwisho wa mwaka utajua mambo ambayo hakuna tangazo linaloweza kukuambia: kama mwili unahimili, kama nyumba inahimili, kama unaipenda taaluma au ulikuwa unapenda cheo. Na ukiamua kuishia hapo una cheti mkononi. Aliyejisajili kwa shahada nzima kwenye chuo kisichotoa tuzo za kati, akaacha katikati, mara nyingi hubaki na deni tu. Angalia tu kwanza masharti ya mdhamini, kama unaomba udhamini, kwani wengine hulipia shahada kamili peke yake.

Moduli mbili za kwanza karibu kila mahali ni epidemiolojia na takwimu. Wauguzi huiogopa takwimu, na hofu hiyo si ya bure: mtu alisoma hisabati mara ya mwisho kidato cha nne, leo anaulizwa habari za thamani ya p na vipindi vya uhakika. Lakini nikuambie, wewe unafanya epidemiolojia kila mwezi bila kuiita hivyo. Chukua rejesta ya watoto ya zahanati moja. Tuseme watoto 120 walipata dozi ya kwanza ya chanjo ya Penta wakiwa na wiki 6, na 96 tu ndio waliopata ya tatu, ile ya wiki 14. Waliopotea njiani ni 24. Gawanya kwa 120, asilimia 20. Kiwango kinachozidi asilimia 10 tunakihesabu kuwa ni tatizo. Swali la kwanza la mtaalamu ni: wamepotea, au wamechanjwa kwingine? Mtoto ambaye mama yake alijifungulia kwao Buhigwe akapata dozi ya kwanza huko, kisha mama akarudi naye kwa mumewe, anaonekana mtoro kwenye rejesta moja na mgeni kwenye nyingine.

Chukua na zahanati nyingine, iliyo karibu na mpaka wa Burundi, ambayo taarifa yake inaonyesha uchanjaji wa asilimia 130. Kwenye vikao vya tathmini nimesikia wahudumu wa vituo vya namna hiyo wakikaripiwa kwamba wanapika takwimu. Inawezekana wanapika. Lakini inawezekana pia wanachanja kila mtoto anayeletwa, wakiwemo wanaovuka mpaka, huku kigawanyo kikiwa ni makadirio ya watu yaliyotokana na sensa. Makadirio hayo yakivutwa kutoka sensa ya 2012 mpaka karibu sensa nyingine ya 2022 ndipo yarekebishwe, kijiji kilichokua haraka kitaonekana kimechanja kuliko watoto wake. Kosa liko chini ya mstari wa sehemu, na watu wanabishana na kilicho juu yake. Moduli nzima ya epidemiolojia, sehemu kubwa, ni kujifunza kuuliza swali hilo kwa utaratibu, mahali popote, bila kuonea mtu.

Ndiyo maana nasema mtu kama wewe afaa kusoma akiwa kazini kuliko kuacha kazi. Zile saa 12 za kila wiki huzipati kwa kuiba usingizi peke yake. Unazipata pale kazi ya darasani na kazi ya ofisini zinapokuwa kitu kimoja. Ukipewa zoezi la kuchambua mlipuko, utasomeshwa habari za John Snow, daktari aliyefuatilia kipindupindu hadi kwenye pampu ya maji ya Broad Street, London, 1854, kama tulivyosomeshwa sote. Isome, ni nzuri. Halafu andika kuhusu Kagunga. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walirundikana katika kijiji kile kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, maji ya kunywa ni ya ziwa, vyoo havitoshi, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawasafirisha kuelekea Kigoma mjini. Mwalimu wako aliyeko Manchester hajui Kagunga. Wewe una wenzako waliofanya kazi pale. Zoezi ukiliandika hivyo ofisi yako nayo itafaidika.

Na tasnifu, anza kuifikiria tangu mwaka wa kwanza. Mada nyingi ninazoletewa ni pana mno: "mambo yanayoathiri huduma za chanjo Tanzania". Hiyo haina mwisho. Tafuta kitu kinachokukera mezani. Kwa mfano chanjo ya HPV, ile inayokinga saratani ya mlango wa kizazi: tangu 2018 ilitolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14 kwa dozi mbili, na 2024 tukahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Shuleni tunawapata. Msichana aliyeacha shule, anayelima au anayelea watoto wa shangazi, anafikiwaje? Hilo ni swali la kata chache, linajibika, na majibu yake yanaweza kuingia kwenye mpango wa afya wa halmashauri mwaka unaofuata.

Tahadhari moja hapo. Kwa kuwa takwimu ziko kwenye kompyuta ya ofisi yako haina maana unaruhusiwa kuzitumia kwa utafiti. Utahitaji kibali cha maadili cha chuo chako na cha hapa nchini kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na ruhusa ya mamlaka za mkoa na halmashauri. Msimamizi wa nje mara nyingi hajui urefu wa njia hiyo, hivyo mwambie wewe, na uanze miezi kadhaa kabla ya muda aliopanga. Nimeona tasnifu nzuri ikikaa muhula mzima ikisubiri karatasi.

Mtandao ni tatizo dogo kuliko unavyodhani, isipokuwa mahali pawili. La kwanza ni vipindi vya moja kwa moja. London iko nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi yao na saa 2 wakati wa joto, kwa hiyo kipindi cha saa 12 jioni kwao kinaangukia saa 3 usiku au saa 2 usiku kwako, linavumilika. Cape Town ni tofauti ya saa moja tu. Lakini kipindi cha saa 1 jioni Baltimore, Marekani, wakati wa baridi, kwako ni saa 9 usiku. Uliza kama kuhudhuria moja kwa moja ni lazima au rekodi inatosha. La pili ni mitihani inayosimamiwa kwa kamera, ambapo umeme ukikatika dakika ya 40 una maelezo ya kutoa. Uliza chuo kina utaratibu gani kwa hali hiyo, na siku ya mtihani usitegemee nyumbani. Tafuta ofisi yenye jenereta na laini ya mtandao wa pili. Mengine yote yanasomeka kwa bando la usiku: pakua mihadhara usiku, soma alfajiri bila mtandao. Makala za kulipia utazipata kwenye maktaba ya chuo chako. Programu za takwimu usinunue mpaka chuo kikudai. R, kwa mfano, ni ya bure.

Akili mnemba itakujaribu, hasa usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kukusanya kazi. Itumie kukufafanulia jambo kama chuo kinaruhusu. Kuandikiwa ni kufukuzwa, na ukiwa mtumishi wa umma habari hiyo haiishii chuoni.

Ada ya Uingereza ni makumi ya mamilioni ya shilingi, sitakuficha. Ila kuna udhamini ambao watu wa mikoani hawauombi kwa kudhani si wa kwao: Jumuiya ya Madola, kupitia tume ya Uingereza, ina udhamini wa masomo ya masafa kwa raia wa nchi zinazoendelea za jumuiya hiyo wanaoishi katika nchi hizo, na unalipa ada. Wanataka kwa kawaida daraja la pili la juu. GPA yako ya 3.6 kwa mizani yetu iko humo. Dirisha hufunguliwa mara moja kwa mwaka na huwa kwa kozi maalumu za vyuo maalumu, hivyo unachagua kozi kutoka kwenye orodha yao kwanza. Katika maombi, usiandike kwamba unapenda kusaidia jamii. Kila mtu ameandika hivyo. Andika habari ya ile zahanati ya asilimia 130 na utakachofanya nayo.

Kuhusu mwajiri: mwambie, na kwa maandishi. Najua kwa nini watu hunyamaza. Wanaogopa kunyimwa, au kuonewa wivu, au kuambiwa "sasa hivi umekuwa msomi". Lakini mtumishi wa umma anayesoma bila ruhusa hujiletea shida mwishoni, pale anapotaka shahada iingie kwenye jalada lake au anapoomba kutumia takwimu za kituo. Barua yako ipitie kwa Mganga Mkuu wa wilaya kwenda kwa mkurugenzi. Eleza kwamba hutahitaji likizo ya masomo ya muda mrefu, taja siku za mitihani, na omba jina lako liingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usiahidi wala usitarajie kwamba mshahara utapanda siku utakapopeleka cheti. Hilo hutegemea muundo wa kada yako, ikama na bajeti, na kuna waliokaa na uzamili wao wakiwa pale pale. Wanaouliza kwanza ofisi ya utumishi huokoa hasira nyingi baadaye.

Barua ikijibiwa, toa nakala tatu: moja ofisini, moja nyumbani, moja kwenye barua pepe yako. Katika miaka minne mkurugenzi atabadilika, pengine na Mganga Mkuu pia, na atakayekuja hatajua mliongea nini na aliyetangulia.